Samaki Aliyetaka Kuvunja Mahari ya Nyangi

Nikipita sokoni Bomani hata leo, mtu mzima mwenye wajukuu, lazima atokee mmoja aniulize, "Shikamoo Mzee Mwita, mama hajaota ndevu?" na wengine wote wanacheka mpaka wanashika mbavu, nami nacheka nao, nitafanyaje, aibu niliitafuta mwenyewe kwa mikono yangu.

Ilikuwa ile miaka ya dhahabu, watu wanachimba mpaka chini ya vyoo vyao (sikutanii, jirani yangu alihamisha choo na bado akachimba kile kipya), na mimi, ambaye shule niliishia darasa la tatu kwa sababu ya ng'ombe wa baba, nikapata yangu kwenye shamba la mihogo. Wenzangu walinunua pikipiki, wengine wakaongeza mke. Mimi nilikwenda Mombasa kumwona dada yangu aliyeolewa huko, nikaingia duka moja kujikinga na mvua, nikaona samaki ndani ya kioo, rangi ya chungwa lililoiva, wanacheza kama vipepeo, muuzaji akasema hawa wanaitwa anthiasi, wa kwenye miamba ya baharini. Nikamwambia nifungie. Pale Sirari askari wa mpakani akanyanyua mfuko wa maji, akauliza, "Mzee, hawa ni wa kukaanga?" Nikamjibu, "Ni wa kuangalia." Akaacha kuwaangalia wao, akaniangalia mimi.

Basi nikaweka tangi la kioo sebuleni, na jenereta, na pampu, na chumvi yao maalumu ya kukoroga kwenye maji (siyo ya mboga, na siyo ya ng'ombe, niliuliza), halafu wanataka kulishwa kila mara kama mtoto mchanga. Mke wangu Bhoke alikuwa anasema, "Ziwa zima limejaa samaki, wewe unalea wa baharini." Dume alikuwa mmoja tu, wa zambarau, ana kama unyoya mrefu mgongoni, na wale wengine wote wake zake, nikaona huyu ni mzee mwenzangu. Jike mkubwa kuliko wote nikampa jina la mke wangu, Bhoke, kwa mapenzi tu, sikuwa na ubaya.

Asubuhi moja tukamkuta dume kwenye zulia, ameruka nje, amekauka. Nikampigia muuzaji simu kuagiza mwingine, akacheka, akasema, "Usinunue, mzee. Jike mkubwa atageuka dume mwenyewe." Nikajua ananidhihaki. Lakini wapi! Bhoke (samaki, siyo mama) akaanza kuwa zambarau kidogo kidogo, unyoya ukaota, akawa anawafukuza wenzake tangi zima.

Wakati yuko hapo katikati, siyo huku siyo kule, ndipo wakwe walipoleta ng'ombe wa mahari. Binti yetu Nyangi alikuwa ameposwa na kijana Mkurya mwenzetu wa upande wa Kenya, na alimpenda kwelikweli, wachumba wengine aliwakataa mpaka nikaona haya mbele za watu. Ng'ombe wakaingizwa zizini kwangu. Bhoke (sasa ni mama) akanivuta pembeni: "Wakwe wakae nje, karibu na zizi. Hao samaki wako watatuletea maneno." Mimi nikasema hapana, wataingia sebuleni waone kitu. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Msemaji wao alikuwa Mzee Marwa, baba mdogo wa kijana, na pembeni yake alikaa Bibi Gati, mwenye hao ng'ombe wa mahari, anakunywa chai yake.

"Sasa hii samaki yote," Marwa akauliza, "bwana yao ni gani?"

"Bwana yao amekufa."

"Pole. Na hao wajane, nani amewarithi?"

"Hakuna wa kuwarithi. Huyu mkubwa alikuwa jike, sasa anageuka dume, anashika mji."

Kikombe cha Marwa kikasimama hewani. "Jike inageuka dume? Ndani ya hii nyumba?"

Mdomo wangu, Mungu nisamehe, haukujua pa kukoma. Nikasema, "Na jina lake ni Bhoke, kama mama wa hapa."

Mke wangu akaingia saa hiyo hiyo na sinia la nyama (ni mrefu kunizidi, na sauti anayo) akanguruma, "Karibuni, wakwe." Marwa akamtazama kutoka miguuni mpaka kwenye kilemba, akasimama.

"Mtoto wetu aoe hapa, siku moja aamke, bibi ni mwanaume? Hapana! Vijana, toeni ng'ombe!"

Kule jikoni nikasikia Nyangi anaangua kilio. Nikachanganyikiwa, nikawaza wakimwona yule samaki karibu, kidude cha ukubwa wa kidole, hofu itaisha, basi nikamchota na maji yake kwenye beseni, nikakimbia naye zizini, shati limelowa, napiga kelele, "Mwangalieni! Ni samaki tu! Mwangalieni!"

Aliyeangalia ni ng'ombe. Mtamba mmoja mwekundu, aliyetembea tangu alfajiri, akasikia harufu ya chumvi, akazamisha mdomo kwenye beseni langu, akavuta mvuto mmoja, maji yakaisha, na Bhoke akaenda nayo.

Mtamba akajilamba pua.

"Sasa umeniharibia na mtamba!" Marwa akafoka. "Huyo simrudishi kwetu, ataambukiza wengine! Baki naye!"

Hapo Bibi Gati, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe chake, akacheka mpaka akamwaga chai.

"Marwa, huyu kijana anayeoa, baba yake ni nani?"

Jibu Marwa alilijua. Maana Bibi Gati hakujaliwa mtoto wa kiume, akatoa ng'ombe zake akaoa mke wa kumzalia watoto, kama mila yetu inavyoruhusu, na kijana alizaliwa katika mji huo, kwa hiyo kwetu sisi baba yake ni huyo huyo bibi.

"Nimeoa, nimeshika mji," akasema. "Umeona nimeota unyoya mgongoni? Samaki wa watu amefiwa, ulitaka afanye nini? Halafu wewe umemwacha ng'ombe wa mahari zizini kwa mkwe, kwa mdomo wako, mbele ya watu. Mahari imeingia. Rudisha na hao wengine, twende tukale nyama."

Nyangi akaolewa. Mtamba naye alizaa ndama jike, na Marwa alivuka mpaka kuja kumkagua, akainama kuchungulia chini ya mkia, akainuka.

Mimi nimeapa: mkwe akija, nakaa naye nje, naongea habari za ng'ombe na mvua basi. Siku ile Marwa alipokuja kukagua ndama, asubuhi yake nilikuwa nimeona jike mwingine kaanza kuwa zambarau. Nikachukua kanga, nikafunika kioo chote, nikatoka nje kumwuliza kama kwao imenyesha.