Klachi Nzito na Mnyororo Uliooshwa

Goti langu la kushoto ni kubwa kuliko la kulia, na sababu yake ni mtu mmoja. Nikipanda ngazi linanikumbusha, nikipiga magoti kanisani linanikumbusha, na kila linaponikumbusha namtukana upya, kimoyomoyo kama niko kanisani na kwa sauti kama sipo.

Mwaka wa 2012 nilikuwa na kibanda cha mboga sokoni Lodwar na gari moja kuukuu aina ya kruza la kubebea mizigo. Malori ya Kitale yalishusha nyanya na kabichi alfajiri. Nilichukua zangu, nikauza kiasi pale pale, na zilizobaki nikazipeleka Kakuma kwa akina mama wa Sudan Kusini waliokuwa na meza zao sokoni katika kambi ya wakimbizi. Niliendesha mwenyewe. Mume wangu alikuwa karani wa serikali, alihamishiwa huko nami nikamfuata, na usukani hakuupenda hata kidogo. Wanawake madereva kwenye barabara ile tulikuwa mimi na masista wa misheni, na masista hakuna aliyethubutu kuwacheka.

Madereva wa njia ile walikuwa na desturi yao. Ukikwama kwenye laga, ile mito ya mchanga ambayo hukaa mikavu miezi na miezi, mwenye kupita na mnyororo atakuvuta bila kukutoza kitu. Lakini mnyororo unabaki kwako. Unakwenda nao nyumbani, unautoa mchanga na grisi kwa mkono wako mwenyewe, na Jumamosi alasiri unaupeleka kwenye hoteli ya chai wanakokaa madereva wote. Unampa aliyekuvuta kwa mikono miwili mbele ya watu. Yeye anapokea na kukuagizia chai, na mambo yanaishia hapo.

Siku klachi yangu ya zamani ilipoungua lagani, kosa lilikuwa langu, sikatai. Sote tulijifunza kuendesha mchangani kwa kuiba klachi: mguu nusu juu, nusu chini, gari linajikokota huku sahani ya klachi ikisagika polepole ndani. Siku hiyo ikasagika ikaisha. Moshi ulitoka chini ya miguu yangu na harufu kama ya kucha zilizotiwa motoni. Aliyenikuta hapo ni mshindani wangu, bwana mmoja wa pikapu ya kijani aliyebeba abiria na mizigo njia hiyo hiyo, mtu wa kucheka kwa meno yote. Alinivuta vizuri mpaka mjini. Katika hilo sina la kumlaumu.

Jumamosi nikauosha mnyororo wake kwa sabuni ya unga. Niliusugua pete kwa pete kwa brashi ya viatu, nikauanika juani juu ya gunia safi. Nikaupeleka hotelini, nikamnyooshea kwa mikono miwili. Hakupokea. Aliendelea kunywa chai yake, nami nimesimama na chuma kile kinanivuta mabega. Kisha akainama, akaunusa.

"Mnyororo iko safi, mama," akasema kwa sauti ya kufika kila meza. "Lakini inanuka klachi. Hiyo mguu yako ni ya cherehani."

Hoteli nzima ikacheka, hata mpishi akatoka jikoni aelezwe ili naye acheke. Chai hakuniagizia. Wiki iliyofuata nilifungiwa klachi kuukuu ya muda, lakini maneno yalifika Kakuma kabla ya nyanya zangu. Mteja wangu mkubwa, mama mrefu mwenye meza tatu, aliniambia kwa upole kwamba mzigo wake sasa utaletwa na pikapu ya kijani.

"Si kwa ubaya, dada yangu," alisema. "Nyanya haingoji gari mbovu."

Nililia njia nzima ya kurudi. Nilipofika Lodwar nilikuwa nimemaliza kulia, na nilijua ninachotaka. Nilitaka yule bwana anishikie mnyororo wangu kwa mikono miwili, ameuosha, katika hoteli ile ile, nami niiname niunuse. Neno la kusema nilikuwa nalo tayari.

Fundi aliyenifungia klachi mpya alikuwa Mkongo, karakana yake kambini ni turubai na magogo mawili. Sikutaka klachi kama ya kwanza. Niliagiza Nairobi ile nzito, wanayofunga kwenye magari ya kazi ya kuvuta, na ikaja ndani ya boksi lililonichosha kulibeba. Fundi aliigeuza mikononi, akabonyeza springi zake kwa kidole gumba, zikakataa kubonyea.

"Ile ya zamani ilikuwa na huruma, mama," akasema. "Ilikuwa inateleza ili vintu vingine vipone. Hii haitateleza. Ukiachilia, inauma. Kama kuko kintu kizaifu mbele, njo kitavunjika."

"Kitavunjika cha nani?" nikamuuliza.

Akaweka klachi chini, akanitazama. "Sasa weye unatengeneza gari ao unatafuta mutu?"

Nikamwambia natengeneza gari. Sidhani aliniamini, lakini aliifunga.

Pedali ile ilikuwa adhabu. Niliikanyaga kwa mguu mzima, mgongo nimeubana kwenye kiti, na bado ilinirudisha. Tena haikuibika. Ukiiachia nusu kwa mazoea, gari linaruka mbele kama mbuzi aliyegutushwa. Juma la kwanza nilimwaga kabichi barabarani mara tatu. Fundi akaniambia nisahau niliyojifunza, nikanyage yote au niachie yote, katikati hakuna kitu. Basi kila safari nilipotoka Kakuma bila mzigo niliingia laga la pale, nikaingiza fowili ili magurudumu yote manne yavute, nikafanya mazoezi: kanyaga yote, achia yote. Goti lilivimba. Mume wangu alinikanda kwa maji ya chumvi na kuniuliza kwa nini nisiachane na yule mtu. Nilimwambia akande tu.

Nikanunua mnyororo wangu mwenyewe. Pete ya mwisho niliipaka rangi ya kucha, nyekundu, ili popote utakapokuwa watu waujue. Kisha nikangoja mvua. Niliiombea kanisani kwa bidii mpaka mchungaji akanisifu, akidhani nawahurumia wafugaji.

Mvua ilinyesha mwaka uliofuata, upande wa milima ya Namoruputh. Laga letu lilifurika usiku, asubuhi maji yakawa yamepita na kuacha mchanga umelowa. Nilifika kama saa nne hivi na nyanya nyuma. Pikapu ya kijani ilikuwa katikati, imezama mpaka ekseli. Abiria walikaa chini ya mti wa miiba. Yeye alikuwa akichimba kwa sufuria.

Nilisimamisha gari mahali pagumu, nikashuka.

"Ejok," nikawasalimu abiria, nao wakaitika. Yeye sikumsalimu. Nilitoa mnyororo, nikauweka juu ya boneti anapouona, nikarudi kwenye kiti changu nikakaa.

Aliijua vizuri maana yake. Akaendelea kuchimba. Mimi nikaendelea kukaa. Jua likapanda, nyanya zangu zikaanza kunukia mchuzi, nami nikaziacha zinukie. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata hata siku ya harusi yangu. Ilipofika saa saba, bibi mmoja kati ya abiria akasimama, akamwambia, "Wewe, omba huyo mama. Sisi tunakauka hapa."

Akaja mpaka dirishani, mchanga mpaka kwenye nyusi.

"Mama, nivute."

"Kwa mguu wa cherehani?" nikamuuliza. "Mguu huo utaweza kweli?"

Akatazama abiria, akatazama chini. "Utaweza, mama."

Nilikanyaga yote, nikaachia yote. Kruza haikujikokota hata kidogo. Iliuma, mnyororo ukakazika, bampa lake la mbele likapinda kama kifuniko cha sufuria, na pikapu nzima ikatoka kwenye mchanga. Abiria walipiga makofi, wakahadithia Kakuma nzima siku hiyo hiyo. Mama wa meza tatu alizibonyeza nyanya zangu zilizochemka, akatikisa kichwa, akazichukua. Mzigo wa wiki iliyofuata aliniagiza mimi.

Lakini hilo silo nililokuwa nalitaka. Jumamosi nilivaa gauni langu la kanisani, nikakaa katika hoteli ya chai kuanzia saa tisa. Hakuja. Jumamosi ya pili hakuja, wala ya tatu. Kisha madereva wakaniambia amehama njia, siku hizi anakwenda Kaaleng na Kaikor, na huko anavuta waliokwama kwa mnyororo wenye pete nyekundu. Watu wanauosha, wanamrudishia yeye kwa mikono miwili. Nilisikia habari hiyo nikaitema chai niliyokuwa nayo mdomoni.

Mwisho wa mwaka, adhuhuri moja, mwanamke alikuja kibandani kwangu na karai kichwani. Alikuwa mwembamba na alihema. Alitua karai, akasema yeye ni mke wa yule wa pikapu ya kijani. Ndani ulikuwamo mnyororo wangu. Ulisuguliwa mpaka rangi ya kucha ikabaki alama tu.

"Yeye hajui," akasema. "Nilitoa kwa gari akiwa amelala. Nimeosha mimi." Akauinua kwa mikono miwili. "Nusa, mama. Walisema ya kwako ilinuswa."

Wauza mboga wote walikuwa wametugeukia. Neno langu nililitunza mwaka na zaidi, na sasa halikuwa na mtu wa kuambiwa.

"Rudi nao," nikamwambia. "Aulete mwenyewe."

Aliurudisha ndani ya karai taratibu, akachuchumaa, akangoja. Sokoni kwetu hakuna mwanamke anayejitwika mwenyewe na mwenzake amesimama mbele yake. Unamsaidia hata kama mlitukanana asubuhi. Mikono yangu ilibaki juu ya kabichi. Aliyemtwika ni jirani yangu wa vitunguu, ambaye baadaye alirudi kwenye kibanda chake bila kunitazama.

Yule bwana hakuuleta. Angeuleta kesho yake ningeunusa, na neno langu ningelisema. Hata leo ningelisema. Mkewe alikuja tena sokoni wiki iliyofuata, na kila wiki baada ya hapo. Ananunua kwa jirani, hatua mbili kutoka kwangu, na kabla ya kuondoka hunigeukia.

"Ejok, mama," ananiambia.

Nami naitika.