Jante ya Kusali

Kapita Jean-Paul, mkubwa wa kijiji chetu, aliwadanganya watu kwa jante ya kanisa, chuma cha gurudumu la gari tunachokipiga kama kengele. Mimi Dieudonnée sikusoma, lakini Mungu alinipa kazi ya kuipiga. Kwa miaka ishirini, kila saa sita, watu waliisikia hata mashambani, wakaweka majembe chini wakaja kusali.

Mwezi wa tano kapita aliipiga mwenyewe. Watu wakaja na rozari mkononi, naye akawakamata kwa salongo, kazi ya lazima isiyo na malipo. Walibeba mawe ya barabara ya kwenda Wamaza siku tatu.

“Mama Dieudonnée, hata Mungu anapenda salongo,” alinicheka.

“Basi Mungu angekupa wewe jiwe la kwanza,” nilimjibu.

Tangu siku hiyo nikipiga, watu wanakimbilia porini. Na juma hili wawindaji wameona watu wenye bunduki katika pori hilo hilo. Kwa hiyo sipigi tena. Saa sita inapita kimya, hakuna anayesali.

Kapita anapaswa kusimama kanisani na kukiri kwa kinywa chake kwamba yeye ndiye aliyedanganya. Jumapili mbili zimepita, hajasimama.