Minazi ya Hassan, Jua la Mwanatabu

Ukifika Mtongwe uulize shamba la Mwanatabu liko wapi, utaulizwa kwanza: wataka shamba au wataka minazi? Maana hivyo ni vitu viwili. Ardhi ni ya Mwanatabu na mdogo wake Ummi, waliachiwa na mama yao. Minazi saba iliyojipanga upande wa kaskazini, karibu na kisima, ilipandwa na mjomba wao, na mjomba alipofariki ikawa ya mwanawe, Hassan. Pwani ndivyo ilivyo: aliyepanda mti ndiye mwenye mti, hata kama mizizi yake inakunywa kwenye udongo wa mtu mwingine. Mwanatabu hakuwahi kulionea taabu jambo hilo. Nazi ikianguka huiokota, huiweka baraza ya nyuma, na Hassan akija kutoka Magongo huondoka na gunia lake. Hata nazi ya mchuzi wake mwenyewe Mwanatabu huinunua dukani.

Usidhani ni mpole. Miaka kumi na saba alishona suruali katika kiwanda kimoja huko Changamwe, akivuka feri alfajiri na kurudi jioni na miguu imevimba. Siku msimamizi alipomwambia kwamba mwanamke wa miaka hamsini hana kasi tena, aende akapumzike, alivua aproni, akaikunja vizuri kama atakayeivaa kesho, akaiweka mezani akaenda zake. Hakulia. Alikasirika, na hasira hiyo ndiyo iliyolima ile robo eka: mchicha, bamia, biringani, kunde. Mwanzo alivuta maji kwa kamba. Kisha akapata mashine ya petroli iliyokohoa kama mzee wa kiko na kudai mafuta kila siku ya Mungu. Mwisho akauza cherehani yake, akanunua pampu ya kuzamisha kisimani na paneli nne za sola. Bomba la kupulizia dawa likawa la betri. Hata mashine ya kukatia mbuzi majani ikawa inazungushwa na jua.

Aliyefunga paneli ni Jefwa, fundi wa Kisauni, kijana mwenye adabu na mikono safi. Alizifunga Januari, kaskazi limeshika, akachimbia nguzo za chuma karibu na kisima ili waya usiwe mrefu. Maji yalitoka kwa kishindo na Mwanatabu akapiga kigelegele peke yake.

Hapo ndipo wote wawili walipokosea, na ni kosa la kuchekesha kwa watu wa pwani. Upepo wa kaskazi ukivuma jua huwa limeegemea kusini, na upepo wa kusi ukija jua nalo huhamia kaskazini. Mwanatabu alilijua hilo tangu utotoni, ila hakulisema, kwa kudhani fundi ana vipimo vyake. Jefwa naye hakuuliza, kwa kudhani mwenye shamba analijua shamba lake. Wakastahiana mpaka wakaharibikiwa. Mvua za masika zilipokatika, mwezi wa saba, jua lilikuwa limeshahamia nyuma ya minazi saba ya Hassan, na kivuli chake kililala juu ya paneli tangu asubuhi hadi alasiri. Pampu ikawa inatema maji kama mtu anayesukutua. Mchicha ukaanza kuinamisha vichwa.

Mwanatabu alimpigia Hassan simu, akamwomba kwa heshima amlete mkwezi apunguze makuti ya minazi mitatu tu. Hassan alikataa. Alisema minazi ya marehemu babake haikatwi kwa sababu ya vioo. Kisha, sauti imelainika, akaleta lile alilokuwa nalo moyoni: kulikuwa na mtu anatafuta kununua mahali pa kuwekea makontena matupu, ardhi na minazi kwa pamoja, na dada akitia saini tu kila mtu atapumzika. Mwanatabu alikata simu bila kuaga, na kwa mtu wa Mtongwe huko ni kutukana.

Hassan akaenda kwa Ummi. Ummi hufanya kazi katika hoteli moja ya Shanzu, hutandika vitanda vya wageni siku nzima na mgongo wake haumpi raha. Alikuwa amechoka na ugomvi wa ndugu. Alimwambia Mwanatabu wazi kwamba Jumapili ya mwisho wa mwezi atakuja na Hassan pamoja na huyo mnunuzi, na akikuta shamba limekufa, yeye atatia saini kuuza nusu yake, na kwa Mwanatabu nusu shamba ni sawa na kutokuwa na shamba. Zilibaki siku kumi na mbili.

Usiku ule Mwanatabu hakulala kwa ghadhabu. Asubuhi alimwita Jefwa, akaja ameona haya, akaahidi kuzihamishia nguzo upande wa kusini bila malipo. Mwanatabu alinyoosha kidole tu: kusini kulikuwa na ghorofa la jirani. Ikifika Januari, kivuli kitatokea huko. Robo eka nzima haikuwa na mahali pamoja penye jua la mwaka mzima.

"Basi mama, hapana njia," Jefwa alisema.

"Jua lahama," alijibu Mwanatabu. "Na sisi tutahama nalo. Nani alikwambia paneli lazima zisimame mahali pamoja?"

Kando ya njia kulikuwa na mkokoteni uliotupwa na mchuuzi wa maji aliyehamia kwenye tuktuk. Waliuomba, wakaupata kwa mafungu matatu ya bamia. Jefwa alicheka alipoambiwa afunge paneli juu yake, kisha akaacha kucheka akaanza kupima. Alitia waya mrefu unaokunjika, akarekebisha magurudumu, akaweka kabari za kuyazuia. Ikawa asubuhi Mwanatabu anausukuma hadi kwenye kunde, adhuhuri anauhamishia kwenye njia ya kati, alasiri kwenye biringani. Magharibi unalala ndani, chumba kimoja naye, na mwizi aje amwamshe kwanza.

Majirani walimcheka. Walimwita mtembeza jua. Walimuuliza kama jua lake limeshakunywa chai. Hassan alituma ujumbe kwamba siku moja atajuta, naye akamjibu kwamba kivuli cha fimbo hakimfichi mtu jua. Mikono ilichubuka, kiuno kikauma, na kuna asubuhi aliyoukalia ule mkokoteni akajiuliza kwa dhati kama hana wazimu. Kisha alinyanyuka akausukuma. Siku ya sita mchicha ulinyanyua vichwa.

Jumapili walikuja karibu na adhuhuri: Hassan amevaa kanzu iliyopigwa pasi, mnunuzi na karatasi zake kwenye bahasha, Ummi nyuma yao, kiatu kinambana. Mwanatabu aliwakaribisha, akamwonyesha Hassan gunia la nazi zake, limejaa kuliko miaka yote, maana minazi nayo ilikuwa ikinywa maji ya pampu. Hassan hakulitazama gunia. Aliutazama mkokoteni uliosimama njia ya kati, waya ukitambaa hadi kisimani, na maji yanayomwagika mtaroni.

"Dada, hii si kazi ya mtu mzima," alisema. "Wasukuma mkokoteni kama mchuuzi. Tia saini upumzike."

"Nimeshapumzishwa mara moja, kiwandani," alisema Mwanatabu. "Sikupendezwa. Na sikiza, Hassan. Minazi alipanda mjomba, ni yako, na kivuli chake ni chako, sijagusa hata kuti. Jua hakulipanda mjomba."

Mnunuzi alikohoa. Alitoa bahasha akampa Ummi, na kalamu juu yake, akasema kwamba saini ya mmoja inatosha kuanzia.

Ummi aliipokea. Mwanatabu aliutazama mgongo wa mdogo wake uliopinda kwa vitanda vya watu, na hakuweza kumlaumu. Lakini Ummi alikuwa ameshavua viatu. Aliingiza miguu mtaroni, akasimama pale, maji yakimpita kwenye vifundo.

Hassan alisogea kwenye mkokoteni, akauinamia kutafuta dosari, akishika waya huu na ule. Kanzu yake pana ilitanda juu ya paneli. Kule kisimani pampu ikashuka sauti, na mtaroni maji yakapungua, yakawa uzi.

Ummi aliiangalia miguu yake. Kisha akamrudishia mnunuzi bahasha na kalamu yake.

"Hassan, jongea," alisema. "Watuzibia jua."