Msuluhishi Asiyekula Kuku

Kaka yangu alipofariki, alikuwa amemwachia mama sauti yake. Ilikuwa ndani ya simu: jumbe alizokuwa akimtumia kutoka Hamukungu, kando ya ziwa, alikokuwa akinunua samaki, za kumsalimia na za kumtania kuhusu meno yake. Mama alizisikiliza kila asubuhi nyumbani Bwera kabla ya kwenda sokoni mpakani.

Soko lile lina ubaya wake. Ukisogea upande wa mto wa mpakani, simu inarukia mtandao wa Kongo bila kukuomba ruhusa. Kampuni ya Marekani iliyohifadhi zile jumbe ikaona akaunti moja inatumika nchi mbili kila siku, ikadhani ni wezi, ikaifunga. Sauti ya kaka ikaenda nayo.

Mimi niliishi Kasese, nikishona nguo. Niliiandikia kampuni, nikaandika tena, hadi nikachoka. Jibu lilikuwa lile lile: mlikubali mkataba. Wakili mmoja mjini aliusoma kwenye simu yangu huku akipiga miayo. Korti hairuhusiwi, akasema; ugomvi wote unapelekwa kwa msuluhishi, kwao Marekani. Aliyebonyeza "nakubali" ni marehemu mwenyewe, siku alipomfungulia mama akaunti. Nani husoma mambo yale?

Nikaenda Bwera, nikamwambia mama kwamba kesi ni ya msuluhishi, si ya korti. Uso ukamng'aa.

"Korti ya nini, mutoto yangu? Musuluhishi iko muzuri. Atatuikalisha chini na bale batu, tutasemezana, tutakula pamoja, inaisha. Anakuja lini?"

Kwetu ndivyo watu wanavyopatanishwa. Alikuwa ameshaanza kumtafuta kwa macho kuku wa kuchinja. Nikamweleza kwamba msuluhishi haji, sisi ndio tumfuate, na utaratibu wote wameupanga wao.

"Basi huyo haiko musuluhishi," akasema. "Iko mutu yao."

Mwenye nguvu mpishe, tulifunzwa hivyo tangu utotoni, nami methali hiyo naichukia mpaka leo.

Mama akaniomba nimsalimie kama kaka alivyokuwa akimsalimia. Nikajaribu kuigiza sauti yake, ile nzito inayoanza na kikohozi. Haikufanana hata kidogo, na niliona usoni mwake kwamba haikufanana.

"Rudia," akasema.