Joka Lililokatikiwa na Umeme

Enzi zetu, na nasema enzi zetu nikiwa na miaka ishirini na minne na mgongo unaouma kwa kukaa ofisini, mtoto alichagua mwenyewe kitakachomwua. Siku hizi simu inamchagulia.

Nazungumzia La Rochelle, mtaa wa wahamiaji kusini kabisa mwa Afrika, majira ya baridi ya mwaka 2015, nyumba ya vyumba vya kupangisha na bomba moja uani. Binamu yangu Idrisa, aliyekuwa akisoma chuo kule Braamfontein, alituletea mchezo wa mezani wa mashujaa na majoka, pamoja na dadu lenye nyuso ishirini. Kitabu chake kilikuwa cha Kiingereza, naye alitutafsiria kwa Kiswahili cha Tanga, kwa madaha ya mtu aliyelipiwa ada. Mama alipoliona dadu akasema kamari haiingii nyumbani kwake. Tukamwambia ni hesabu. Haukuwa uongo mtupu: joka likikupiga madhara kumi nawe una kinga, unaumia matano tu. Nusu ya kumi na saba ilituletea ugomvi mwingi kuliko mtihani wowote.

Kila shujaa aliruhusiwa kinga moja, na hapo ndipo akili ya mtu ilipojulikana. Moto, baridi, sumu, tindikali, umeme: chagua, na ukishachagua hakuna kurudi nyuma. Mimi nilichukua sumu. Kila siku nilikula kota kutoka kiduka cha mtaani, spaza, yaani ule mkate uliojazwa chipsi, achari na nyama ya rangi ya waridi ambayo hakuna aliyejua asili yake, na bado nilikuwa hai. Niliona nina kipaji.

Bahati, jirani yetu wa kutoka Bukavu, mtoto wa msusi, akachukua baridi. Tulicheka mpaka Mama akauliza hesabu gani hiyo inayochekesha. Idrisa alikwishatueleza kwamba safari yote ni ya jangwani.

"Jangwani baridi itoke wapi, Bahati?"

"Yaya Idrisa," akajibu, maana kwao yaya ni kaka mkubwa, "joka ya moto sijaiona hata siku moja. Baridi inaniuma kila usiku."

Chumba chao kilikuwa cha mabati, nyuma kabisa, na upepo uliingia bila hodi. Tuliendelea kumcheka. Tulikuwa wataalamu.

Mwezi wa saba ikaja habari kwamba familia ya akina Bahati imekubaliwa kwenda Kanada. Watu wazima walimshukuru Mungu. Sisi tulinuna. Ilibaki Jumamosi moja ya kucheza, na kwa sheria ya Idrisa, shujaa akifa karatasi yake inachanwa mbele ya macho yako. Shujaa wa Bahati aliitwa Furaha, na kwa wiki nzima alituambia neno moja tu: "Miye nitaenda naye. Siwezi kuacha mufu huku."

Jumamosi hiyo jioni tulibanana kwenye hita ya mafuta ya taa, maharage yakichemka kwenye jiko la umeme. Idrisa, msimamizi wa mchezo ambaye huruma hakuijua hata kwa jina, akalitoa joka la mwisho. Halikuwa la moto, wala la sumu yangu niliyoisubiri miezi. "Joka la umeme," akatangaza. Furaha alikuwa amebakiwa na uhai kiduchu, na kinga yake ya baridi ilimfaa kama mwavuli kwenye tetemeko. Bahati aliishika ile karatasi kwa mikono miwili. Mimi niliangalia pembeni. Idrisa akarusha dadu.

Likiwa bado linazunguka mezani, taa zikazimika. Mgao. Jiko kimya, mtaa mzima giza, hata robot, zile taa za magari za njia panda, zikafa.

"Umeme imeenda!" Bahati akapiga kelele. "Joka haina umeme tena!"

"Eish, Bahati, umeme wa joka si wa jiko!" Idrisa akaja juu.

"Ulisema umeme. Wewe mwenyewe!"

Na kweli alisema. Angetafsiri radi, Furaha angekuwa marehemu. Walibishana mpaka Mama, aliyekuwa akipapasa kutafuta mshumaa na kuyalilia maharage yake mabichi, akatoa hukumu kutoka jikoni: "Umeme ukikatika umekatika kwa wote! Njooni mle mkate."

Hakuna rufaa kwa mama wa Kitanga. Mshumaa ulipowaka, Idrisa alikuwa amelifunika dadu kwa kiganja. Akalitia mfukoni, akamkunjia Bahati karatasi yake vizuri.

Mwaka jana nilimwuliza Idrisa dadu lilisimama kwenye namba gani. "Kulikuwa na giza," akasema, akabadilisha mazungumzo. Bahati naye hunitumia sauti kutoka kwenye theluji: "Hamisi, ile kinga ya baridi ni bongo, uongo mutupu! Lakini Furaha iko muzima, iko ku ukuta." Nikiisikia sauti yake namkumbuka kuliko ninavyopenda kukiri.

Mdogo wangu Salma anacheza mchezo wa aina hiyohiyo, peke yake, kitandani. Nikamwuliza amechagua kinga gani. "Eish, kaka, simu inachagua yenyewe. Sharp," akanimalizia, yaani poa. Juzi umeme ulikatika, nikaruka kwa furaha kumwambia ameokoka. Hakuinua hata kichwa. Shujaa wake alikuwa ameshakufa. Joka la siku hizi lina betri.