Barafu Haikusanywi

Nilipokuwa mtoto kule Cimpunda, mtaa wa Bukavu ambako nyumba zimepandana mteremkoni, watoto wote wa jirani waliruhusiwa kuchezea mvua ya mawe isipokuwa mimi na dada yangu Neema. Nyanya yetu, tuliyemwita Koko, alizaliwa chini ya Ruwenzori, mlima wenye barafu, akaja Bukavu kuolewa.

"Barafu mukule tu," alituambia, "lakini musiikusanye. Barafu ikilalia ingine inapata miguu. Inaamuka, inatembea, inakula mawe."

"Koko, iko mayi tu, itayeyuka," Neema alibisha.

"Mayi nayo iko na mwenyewe."

Alasiri moja mvua ya mawe ilipiga mabati hata tukaziba masikio. Koko alikuwa jikoni, kibanda cha udongo nyuma ya nyumba, na mdogo wetu Amani amelala kwenye mkeka. Ilipotulia, tulizoa barafu kwa beseni, tukaijaza kwenye mfereji uliopita mteremkoni, juu ya kibanda cha jiko, tukaikanyaga mpaka ikashikana. Tulitaka kumjengea Koko mlima wake.

Mvua ikarudi. Neema akakimbilia ndani, mimi nikabaki. Maji yalijaa nyuma ya barafu yetu, kisha nikaiona ikisogea, polepole, nzima nzima, ikisukuma mawe ya ukingo.

"Koko, toka! Imeamuka!"

Hakuuliza nini. Alitoka na Amani kifuani, kiatu kimoja mguuni, na ukuta wa jiko ukaanguka nyuma yake.

Nilingoja fimbo. Koko alikaa palepale matopeni, akaniangalia, akaanza kucheka huku amemkumbatia Amani.

"Barafu umeiita," akasema. "Lakini na miye uliniita. Kuya hapa," akaninyoshea mkono.

Leo nafundisha jiografia. Kila mwaka nachora ubaoni jinsi theluji mpya inavyolalia ya zamani, uzito ukafukuza hewa, ikawa barafu ngumu. Jinsi barafu hiyo inavyoshuka taratibu, imebeba mawe tumboni, ikisaga mwamba kama jiwe la kusagia unga, ikipanua mabonde na kuacha vishimo vinavyojaa maji na kuwa maziwa. Najua pia kwamba siku ile hapakuwa na mto wa barafu Cimpunda. Kulikuwa na mfereji ulioziba, na watoto wawili waliouziba.

Hata hivyo, kila nikifika kwenye somo hilo nasita kidogo, chaki mkononi. Watu wa Koko waliishi wakiutazama ule mlima kizazi baada ya kizazi. Waliona miamba iliyokwaruzwa, wakaelewa kwamba kuna kitu kizito kilichopita pale. Mimi niliyasoma hayo vitabuni.

Miaka mingi nilidhani alitutisha ili tutii. Sasa nadhani alikuwa akitumegea kwao, kipande kwa kipande, maana hakuwa na njia nyingine ya kutupeleka. Alikufa bila kurudi huko. Na mimi, niliyelala naye kitanda kimoja mpaka nikavunja ungo, sikumuuliza hata siku moja kama alikuwa anapakumbuka.