Fundi Aliyetembezwa Medan

Kila siku ya gulio la Nyakahura, Ernesta muuza vitunguu husikia cherehani ya jirani yake ikinyamaza katikati ya mshono, akajua Anneth, binti wa fundi huyo, amepiga simu. Fundi hutemea pini kiganjani, akafuta mikono kwenye suruali, akaipokea simu kwa mikono miwili kama sahani ya ugenini. Anneth anasoma Indonesia, katika jiji la Medan, na humtembeza baba yake humo kwa video: msikiti wenye makuba meusi, hekalu la Wachina, mtaa wa Wahindi wauza maua, kanisa ambamo Wabatak, kabila la huko, wanaimba. Fundi huwasalimu wapita njia wote kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto. Mazungumzo yakielekea mwisho huinuka, tepu ikining'inia shingoni, akamsindikiza binti, simu mkononi, hadi barabarani, kwa sababu mgeni haagwi na mtu aliyekaa.

Leo Anneth alikataa. "Hapana, baba. Mgeni ni wewe, nimekutembeza mji mzima. Acha nikusindikize mimi." Fundi alicheka, lakini miguu yake haikukubali kukaa. Alitembea huku, binti akitembea kule, mpaka barabarani mtandao ukakatika. Akarudi polepole, simu bado ameishika mbele ya uso.

"Za Medan?" Ernesta alimuuliza, kama anavyoulizwa msafiri.

"Watu ni wengi kule, mama. Wa kila kabila na kila dini." Akapeleka uzi kwenye sindano, ukakosa tundu. "Wangu ni mmoja."